Kabla ya Kuamini Mnara: Ushauri kwa Wanaoanza Kupima Gesijoto Kaskazini

Vijana wa Tanzania na Kenya wanaopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili au uzamivu nchini Ufini na Uswidi, wakapangiwa utafiti wa hewa ya ukaa na methani katika misitu na vinamasi, mara nyingi huniuliza waanze kujifunza lugha ipi ya kompyuta. Ni swali la haki, na jibu lake ni rahisi: ile inayotumiwa na wenzako wa maabara. Lakini kwa uzoefu wangu, makosa yanayoharibu kazi hii huwa yamekwisha kuingia kabla kompyuta haijawashwa. Huingia pale mtu anapokanyaga mahali asipopaswa, anapoandika saa isiyo sahihi, au anapoikubali namba ambayo hakuna mmea ungeweza kuitoa. Hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza kwa kirefu.

Kwanza elewa kwa nini tunahitaji uangalifu wa kiasi hicho. Kinamasi cha mboji ni mahali ambapo mabaki ya mimea hayaozi yakaisha, kwa kuwa yamezama katika maji yasiyo na oksijeni. Sfagnamu, mmea mdogo laini usio na mizizi unaofyonza maji kama sponji, hukua juu huku ukifa chini, na mboji huongezeka kwa milimita moja hivi kwa mwaka, au hata pungufu ya hapo. Kazi hiyo imeendelea kwa maelfu ya miaka tangu barafu kuu ilipoyeyuka. Maji hayohayo yanayozuia kuoza ndiyo yanayowapa nafasi vijidudu vinavyotengeneza methani, gesi ambayo kilo yake moja hupasha joto angahewa zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa ikihesabiwa kwa miaka 100. Kwa hiyo kinamasi kimoja huweka akiba na kutoa gharama kwa wakati mmoja. Katika kinamasi cha Degerö Stormyr, kaskazini mwa Uswidi, watafiti walijumlisha yote kwa mwaka 2004 na 2005: kilichofyonzwa na mimea, kilichopumuliwa, methani iliyotoka, na kaboni iliyochukuliwa na maji ya kijito. Kilichobaki kilikuwa gramu ishirini na kitu za kaboni kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Hebu fikiria vijiko vitano vya chai vya sukari vilivyotandazwa juu ya mita moja ya mraba kwa mwaka mzima. Salio hilo ni tofauti ndogo kati ya mafungu makubwa, na kosa ambalo kwingine lingepuuzwa hapa linatosha kuligeuza faida kuwa hasara.

Somo langu kubwa nilipewa katika kinamasi kimoja kusini mwa Ufini, majira ya joto ya mwaka wangu wa kwanza. Tulikuwa tukipima methani kwa boksi angavu linalofunikwa juu ya fremu ya chuma iliyozamishwa kwenye mboji. Fremu ina mfereji mdogo ukingoni, unaotiwa maji ili hewa isipenye. Boksi likishafungwa, unasubiri dakika tano huku kipima gesi kikionyesha methani inavyopanda kutoka sehemu 1.9 hivi kwa milioni, ambacho ni kiwango cha hewa ya kawaida. Mstari unaofaa hupanda taratibu na kunyooka. Mistari yangu mingi ilipanda kama ngazi: inalala, inaruka, inalala tena. Nilisoma kwamba mapovu ya methani huweza kuchomoza yenyewe kutoka chini, nikaridhika, nikaendelea hivyo kwa wiki mbili.

Siku moja fundi mzee wa kituo alinifuata hadi uwanjani. Hakusema neno. Alisimama kwenye njia ya mbao, akaniacha nifunge boksi, kisha akateremsha mguu mmoja na kuukandamiza kidogo juu ya sfagnamu, nusu mita kutoka kwenye fremu. Namba kwenye kioo ikaruka papo hapo. Akauinua mguu, akasubiri, akaukandamiza tena, na namba ikaruka tena. Ndipo nilipotambua kwamba kila nilipofunga boksi nilikuwa nimezoea kuegemea kwa mguu wa kushoto nje ya ubao ili nifikie kona ya mbali. Mapovu niliyoyapima nilikuwa nimeyasukuma mimi. Tuliziondoa wiki zote mbili katika hesabu, na ubao wa pili ukawekwa upande huo.

Kwa hiyo, kabla hujapima chochote, simama penye kila fremu, fanya mwendo wote wa kufunga boksi likiwa tupu, na umwombe mwenzako atazame miguu yako. Fremu zenyewe ziwekwe wiki kadhaa kabla, kwa sababu kisu kinachokata mboji hukata pia mizizi ya ndago, na ndago ina mirija ya hewa ndani yake inayopitisha methani kutoka chini hadi juu bila kupitia tabaka lenye oksijeni. Ukiikata leo na kupima kesho, utapima jeraha. Unapoandika daftari, usiishie kwenye namba: andika usawa wa maji, kama jua lilifunikwa na wingu katikati ya kipimo, na kama kuna mnyama aliyepita.

Jambo la pili linatuhusu sisi hasa. Vipimaji vya Ufini kwa kawaida huachwa kwenye saa ya majira ya baridi mwaka mzima, ilhali watu husogeza saa zao mbele kwa saa moja majira ya joto, na katika miezi hiyo saa ya Helsinki hulingana na ya Dar es Salaam na Nairobi. Ulinganifu huo unafaa sana kwa kupiga simu nyumbani, lakini ni mtego uwanjani, kwa kuwa simu yako na kipimaji vinatofautiana kwa saa moja. Mtego mkubwa zaidi ni mazoea yetu ya kuhesabu saa. Nimewahi kuona daftari la mwenzetu lililoandikwa "saa nane" kwa maana ya mchana, na miezi minne baadaye mwenyewe akaingiza 8:00 kwenye jedwali. Vipimo vya jua kali vikalinganishwa na mwanga wa asubuhi, na usanisinuru wa kinamasi kizima ukaonekana wa ajabu. Andika kwa mfumo wa saa 24, na utaje kwenye ukurasa wa kwanza saa hiyo ni ya wapi. Vilevile, usiutenge usiku kwa kutazama saa, maana mwezi Juni huko jua huzama kwa muda mfupi tu; utenge kwa kipimo cha mwanga.

Sasa kuhusu mnara, yaani mlingoti mrefu unaobeba vipimaji juu ya msitu au kinamasi. Kipima upepo kinachotumia mawimbi ya sauti, pamoja na kipima gesi kilicho kando yake, husoma hewa mara 10 au zaidi kwa sekunde, na kwa kawaida tunakokotoa matokeo kwa kila nusu saa, yaani masomo 18,000 kwa namba moja. Wingi huo humfanya mgeni aamini kila kitu. Lakini usiku ambao upepo umetulia, hewa inayopumuliwa na udongo na miti hubaki chini ya matawi au hutiririka kufuata mteremko bila kuufikia mnara. Ukiziacha nusu saa hizo bila kuzichuja, upumuaji utaonekana mdogo na msitu utaonekana unafyonza kuliko ukweli. Majira ya baridi kosa huwa la aina nyingine: vipima gesi vya aina ya wazi hutoa joto kidogo vyenyewe, joto hilo hutanua hewa inayopita kati yake, na marekebisho ya msongamano wa hewa yaliyoandikwa na watafiti Webb, Pearman na Leuning mwaka 1980 hayatoshi kulifidia ikiwa halijapimwa. Matokeo yake ni grafu inayodai kwamba miti inafyonza hewa ya ukaa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ukiona hivyo, toka nje ukautazame msonobari uliofunikwa na theluji kabla ya kutafuta maelezo ya kibiolojia.

Alama na vipimo nitavipitia haraka. Kwa wanaopima kwa mnara, namba hasi kwa kawaida humaanisha msitu unafyonza. Wanaikolojia wengi huigeuza alama hiyo. Gramu za hewa ya ukaa si gramu za kaboni: gawanya kwa 3.67.

Uliza pia historia ya eneo lako. Ufini imekausha zaidi ya nusu ya vinamasi vyake, hasa kwa ajili ya misitu, na mtaro wa zamani uliofunikwa na sfagnamu huendelea kushusha maji hata kama huuoni. Maji yakishuka, methani hupungua, lakini mboji iliyolala karne nyingi huanza kupata oksijeni na kuoza. Ramani za zamani zitakuonyesha mitaro ilipo. Msitu wa Hyytiälä, kusini mwa Ufini, ambao minara yake imekuwa ikipima tangu katikati ya miaka ya 1990, una thamani kwa sababu hiyo: inajulikana kwamba misonobari yake ilianzishwa mwaka 1962 na nini kimefanywa hapo tangu wakati huo.

Baadhi yenu mtaupeleka ujuzi huu Kongo, ambako mnara wa Yangambi, magharibi mwa Kisangani, ulianza kupima mwaka 2020, na ambako mboji ya bonde la kati la mto Kongo, iliyoelezwa kwa ramani mwaka 2017, ilikadiriwa kushikilia tani bilioni 30 hivi za kaboni. Usiku wa huko una utulivu, kwa hiyo kazi ya kuchuja itakuwa kubwa. Na atakayekwenda kupima kwenye mboji yenyewe aweke mbao za njia katika bajeti ya kwanza, kabla ya kipima gesi.