Majeshi manane, meza nne: kuratibu majaribio ya pamoja ya mawasiliano

Afande mmoja wa kikosi cha mawasiliano ameniandikia: amepewa kazi ya kuratibu majaribio ya pamoja ya majeshi manane ya ukanda wetu, aanzie wapi?

Anza na saa, afande. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele ya Greenwich, kijeshi Charlie. Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo ziko saa mbili mbele, Bravo. Tena Mswahili akisema "saa tatu asubuhi" ana maana ya 0900, mwenzake anaandika 0300. Ratiba, kadi na daftari la redio vyote viandikwe kwa Zulu, yaani saa ya Greenwich: 0600Z, basi. Mitambo nayo haina msamaha: redio zinazoruka masafa, yaani zinazohama masafa kila mara kwa ratiba ya pamoja, hazisikilizani saa zikipishana, na seva yenye tarehe mbovu hukataa vyeti vya usalama. Chanzo cha saa kiwe kimoja, kipokezi cha GPS kinachogawa wakati kwa NTP, utaratibu wa kulinganisha saa za mitambo kupitia mtandao.

Kisha piga hesabu. Majeshi 8 yanatoa jozi 28. Kwa huduma 3 kila jozi, yaani sauti, ujumbe na ramani ya hali, ni majaribio 84. Kwa dakika 20 kila moja, saa 28 kwenye meza moja. Ukiweka meza 4, mizunguko 7 inawakutanisha wote. Ongeza dakika 20 za kuhamisha nyaya kila mzunguko, siku mbili zinatosha. Ya tatu ni ya marudio, na nakusihi usiruhusu mtu aijaze hotuba.

Kila jaribio liwe na kadi: nani anapiga, nani anapokea, toleo la programu, masafa au anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni), hatua, na jibu linalotarajiwa. Matokeo yawe manne: limefaulu, limefaulu kwa kasoro, limeshindwa, halikufanyika. Combined Endeavor, zoezi lililoanza Ujerumani mwaka 1995, lilithaminiwa kwa sababu ya kumbukumbu hizo za kifaa gani kinaelewana na kipi. Kadi ya "limeshindwa" yenye sababu iliyoandikwa ina faida kuliko kumi za kufaulu, na mkubwa anayeificha anawaumiza askari watakaokwenda uwanjani na kifaa hicho hicho.

Anwani za IP zigawe mapema, kila nchi fungu lake. Usipofanya hivyo, watatu watakuja na 192.168.1.0 ile ile na asubuhi nzima itaishia hapo. Halafu kuna hili linalochosha watu: ujumbe mfupi unapita, picha inakwama. Pakiti (kifurushi cha data) ya baiti 1500 ikivalishwa usimbaji, yaani kufichwa kwa msimbo, inanenepa, ruta inaitupa, na ukuta wa moto (firewall) unazuia taarifa ya kumweleza mtumaji. Piga ping, pakiti ya kujaribu njia, ya baiti 1400 ukiwa umekataza kugawanywa, shusha hadi ipite, kisha weka MTU, kikomo cha ukubwa wa pakiti, kwa kipimo hicho pande zote mbili. Simu inayosikika upande mmoja tu mara nyingi inatokana na NAT, ruta kubadilisha anwani za IP njiani; iondoe kati ya nchi na nchi. Usimbaji wenyewe uje mwisho, baada ya kila kitu kupita wazi, bila kufichwa, na kwa funguo za majaribio tu. Hakuna nchi itakayotoa zake halisi, wala usiziombe.

Kwa HF, redio za masafa ya MHz 3 hadi 30, antena ya nusu wimbi ya MHz 5 ni 143 kugawa kwa 5: mita 28.6, kila mkono mita 14.3. Ifungwe mita 6 hadi 10 juu ya ardhi, wimbi lipande na kurudi nyuma ya milima. Usiku masafa hayo hufa kwa umbali mfupi. Shuka karibu na MHz 3. Kwa hiyo mamlaka ya mawasiliano ya nchi mwenyeji, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, iombwe masafa ya mchana na ya usiku katika barua moja, miezi kadhaa kabla.

Siku ya wageni iwe ya mwisho, baada ya hiyo ya marudio, ionyeshe yaliyokwisha kufaulu, na mipangilio ya mitambo isiguswe tena tangu jioni iliyotangulia. Kadi zote zisainiwe na pande mbili kabla nyaya hazijang'olewa. Wajumbe wa nchi wakishapanda ndege, saini ya kadi iliyobaki utaifuata ubalozini.