Uliza Mzee wa Picha: "Filamu ninayo kwenye simu, nipande basi la nini?"

Toleo lililopita niliandika kwamba aliyeangalia filamu peke yake kwenye simu ameiona nusu. Maneno hayo yamewachokoza wengi, na ujumbe umeingia kutoka Moshi, Arusha, Himo mpaka Usa River. Nimechagua watano wa kuwajibu.

Shikamoo Mzee. Nina miaka 24, naishi Pasua. Filamu zote ninazotaka nazipata kwa bando la wiki. Rafiki zangu wananisukuma twende Arusha tukaangalie ukumbini. Nikipiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, tiketi, bisi na soda, naona naunguza hela, tena filamu yenyewe nimeshaiona. Kule kuna nini ambacho mimi sina? – Msomaji, Pasua, Moshi

Marahaba mwanangu. Hela ni yako na umeitolea jasho, kwa hiyo sitakujibu kwa mkato.

Mwaka 1976, nikiwa na miaka 18, nilipata kazi ya msaidizi wa opereta katika ukumbi mmoja hapa Moshi. Chumba cha mashine kilikuwa juu, nyuma ya watu, na joto lake lingekausha nguo. Mashine mbili za kuonyeshea picha zilisimama ubavu kwa ubavu. Ndani ya kila moja vijiti viwili vya kaboni vinakaribiana bila kugusana, na katikati yake unawaka mwanga ambao opereta alinikataza kuutazama kwa macho matupu. Mimi nilibeba rili, yale magurudumu yaliyozungushiwa utepe wa filamu, nikazirudisha mwanzo kwa mkono, nikafagia. Rili ya futi 2,000 inakwenda kama dakika 22, kwa hiyo picha la Kihindi la saa tatu lilikuja na rili nane au tisa. Inapokaribia kwisha, kidoti kidogo kinatokea juu kulia kwa pazia. Hicho cha kwanza maana yake washa mota ya mashine ya pili. Zinapita kama sekunde saba, kinatokea cha pili: funga hii, fungua ile. Mkono ukichelewa, pazia linabaki jeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi, "Opereta! Opereta!"

Sasa sikia ninachotaka kukwambia. Picha zote hizo mimi niliziangalia kupitia kidirisha cha kioo, ukubwa wa daftari la shule. Huku mashine zinanguruma, sauti inatoka kwenye kispika kidogo ukutani. Kuna picha moja niliiona hivyo jioni kumi na moja mfululizo. Nilijua stelingi anaingia wapi, anapigwa wapi, wimbo unaanza lini. Kuna mahali anarudi kijijini baada ya miaka mingi, anakuta mlango wa mama yake umefungwa. Mimi hapo ndipo nilipokuwa naandaa rili ya saba.

Jioni ya kumi na mbili nilikuwa na mapumziko. Nikashuka, nikakata tiketi kama watu wengine, nikakaa katikati. Kulia kwangu mama mmoja mwenye khanga, mwanawe amelala mapajani. Stelingi akafika mlangoni. Karanga zilizokuwa zinamenywa safu za nyuma zikaacha kumenywa. Sijui kama nimeieleza vizuri: watu mia kadhaa wameacha kumenya karanga kwa wakati mmoja. Yule mama akasema polepole, "Jamani," akanishika mkono. Hakuwa akinijua, nadhani hata hakujua kwamba amenishika. Nikalia machozi kwa picha niliyokuwa nimeiona mara kumi na moja.

Hicho ndicho kilichoko kule, mwanangu. Simu yako ina filamu yote, lakini huyo mama hayumo.

Wala jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1894 huko Marekani, mvumbuzi Edison alikuwa ameshaanza kufanya biashara ya picha zinazotembea. Chombo chake kiliitwa Kinetoscope, kasha la mbao lenye tundu juu: unainama, unachungulia peke yako, ukimaliza anainama mwingine. Kisha tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, wakaonyesha picha zao ukutani katika Grand Café, Paris. Picha kumi, hata moja haikufika dakika. Waliolipa walikuwa watu 33 hivi. Mambo ya kuchungulia yalikuwa tayari yapo na yanaingiza fedha, lakini siku ambayo dunia inaihesabu kuwa mwanzo wa sinema ni ile watu walipokaa pamoja wakatazama upande mmoja. Sisi tumelirudia kasha la Edison, tumelipunguza likaingia mfukoni.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Robert Provine, alichunguza kicheko kwa miaka mingi. Katika maisha ya kila siku aliona watu hucheka kama mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Mimi sikuhitaji mtafiti kwa hili, nilikuwa nalisikia kupitia ukuta wa chumba cha mashine, lakini nimekuwekea kwa kuwa umeniandikia kwa hesabu.

Kwa hiyo nenda. Kutoka hapa hadi Arusha ni kama kilomita 80. Usiende Jumanne mchana ambapo mtakuwa sita, nenda Jumamosi au Jumapili jioni. Usikae pembeni. Na kama filamu umeshaiona na unaipenda, hiyo ndiyo ya kuanza nayo, maana macho yatakuwa na nafasi ya kuwaona na watu.

Mzee, baba yangu anasema enzi zao watu walilia kwenye picha za Kihindi na hawakujua neno hata moja la Kihindi. Ni kweli au ni chumvi za wazee? – Binti wa Kaloleni, Arusha

Ni kweli tupu, msalimie sana baba. Kama ni mtu wa Arusha wa umri wangu huenda aliingia ukumbi wa Metropole. Televisheni huku bara hatukuwa nayo, vituo vya kwanza vilianza 1994, kwa hiyo Jumapili mji mzima ulikutana kwenye picha: Wahindi na familia zao nzima mpaka bibi, vijana wa gereji, manesi waliotoka zamu, walimu.

Kuhusu lugha, kwanza kisa chenyewe kilikuwa chetu. Ndugu wawili wametenganishwa wakiwa wadogo, mama mjane anafua nguo za watu, tajiri anataka shamba lao, kijana anampenda binti ambaye wazazi wamekataa. Nani Kilimanjaro anahitaji tafsiri ya ugomvi wa shamba? Pili, ukumbi wenyewe ulitafsiri. Ukutani kwetu nilisikia kila jioni sauti za akina mama wa Kihindi wakigeuka kwa waliokaa nyuma yao, wakiwaambia kwa Kiswahili, "Huyo ndiye kaka yake, lakini hajui." Aliyesikia akamwambia wa pembeni yake, naye akampelekea wa mbele. Baada ya dakika moja habari imefika mpaka safu ya kwanza, kwa watoto wa viti vya bei ya chini, na hao wakaanza kupiga kelele kumwambia stelingi mwenyewe.

Umeme ulikatika usiku mmoja rili ya sita ikiwa katikati. Tulingoja dakika kama arobaini. Hakuna aliyetoka. Kijana mmoja aliyekuwa ameiona juzi alisimama gizani akaanza kusimulia kitakachofuata, watu wakamkatalia, "Kaa chini, usituharibie!" Ndipo mwanamke mmoja, sikumwona ni nani, akaanza kuimba ule wimbo wa katikati ya picha. Alikuwa hajui maneno, aliimba sauti tu, na watu wakampokea. Opereta wangu, mtu mkavu asiyezoea maneno, alizima tochi yake akasikiliza mpaka mwisho.

Habari za kazi, Baba. Niliwapeleka watoto wangu watatu ukumbini Arusha. Vijana wa mbele yetu wanaongea, mwingine anafungua simu kila mara, mwanga unatupiga machoni. Nilitoka na hasira, nikasema sirudi. Halafu wewe unasifu kelele! – Mama wa Sakina

Nzuri, mama. Pole kwa jioni yako kuharibika, na hasira yako naiona ni ya haki.

Nisifie kelele moja, nyingine niikemee. Anayepiga kelele, "Geuka, adui yuko nyuma yako!" anaongea na picha, na sauti yake ni ya wote. Anayezungumza na mwenzake kuhusu mambo ya harusi ya Jumamosi ameshatoka ukumbini, amebakiza mwili tu. Huyo anyamazishwe, na aliye karibu ana haki ya kumgusa bega kwa upole. Fanya hivyo mapema, dakika tano za mwanzo, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, tusaidiane." Mama akisema hivyo ni vijana wachache watakaobisha.

Simu ndiyo mbaya zaidi. Ukumbi unaishi kwa giza. Mashine zetu zilipitisha picha 24 kila sekunde, na kila picha ilipobadilika shata, kile kifuniko cha mashine, ilifunga mwanga ili isionekane inavutwa. Ukijumlisha, karibu nusu ya muda wote watu walikaa wakitazama pazia jeusi bila kujua, na macho yao wenyewe yakaunganisha. Katika giza la namna hiyo, mwanga wa simu moja unavuta macho ya safu tano. Wafanyakazi wa ukumbi wanapaswa kulisimamia hili, na wewe uliyelipa tiketi nne una haki ya kumwita mmoja wao. Tafadhali rudi. Ukiacha wewe, na mama mwingine akiacha, ukumbi utabaki na wenye simu peke yao.

Mzee, kibanda umiza nacho ni sinema? – Kijana wa Ngarenaro

Ndiyo. Benchi, pazia la kuzuia mwanga mlangoni, televisheni moja, watu hamsini wamebanana, mtafsiri ameingiza sauti yake juu ya picha la karate, na wote mnashtuka pamoja. Kumbi nyingi kubwa zilipofungwa, nyingine zikawa maduka au makanisa, vibanda ndivyo vilivyowatunza watu wakiwa pamoja. Ninachokuomba ni kimoja: usiingize watoto kwenye filamu za watu wazima.

Shikamoo Mzee. Sisi ni vijana kumi na wawili wa mtaa mmoja Njoro. Tunataka kuonyesha filamu ya Kitanzania mara moja kwa mwezi, uwanjani, watu waje na mikeka. Tuanzie wapi? – Kikundi, Moshi

Marahaba wanangu, mmenifurahisha kuliko wote.

Anzeni na mwenye filamu. Mtafuteni, mwombeni ruhusa kwa maandishi. Onyesho la hadhara lina sheria zake tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua filamu na kupanga madaraja ya umri, kwa hiyo pitieni kwa ofisa utamaduni wa manispaa awaelekeze. Mambo ya hakimiliki waulizeni COSOTA. Filamu nyingi za hapa kwetu zilitoka kwenye kasha la kanda au DVD moja kwa moja hadi sebuleni, waliozitengeneza hawakupata kumsikia mtazamaji akishtuka. Mwalikeni mwenye filamu aje akae nanyi. Huenda akakubali bila kudai malipo.

Projekta ya kukodi yenye mwangaza wa lumeni 3,000 inatosha pazia la upana wa mita tatu, giza likishaingia vizuri. Msianze kabla ya saa moja na nusu. Shuka moja jeupe linavuja mwanga, shoneni mawili pamoja. Lifungeni kamba pembe zote nne, na chini katikati pia, kwa sababu upepo wa jioni kutoka mlimani utalijaza kama tanga na nyuso za watu zitapinda. Spika ziwekeni mbele, kando ya pazia. Wengi huziweka karibu na projekta kwa kuwa waya ni mfupi, matokeo yake mtu anaongea mbele na sauti inatoka nyuma ya kisogo chako. Nunueni waya mrefu.

Watoto wakae mbele kwenye mikeka, wazee wapate benchi. Msiache nafasi kubwa kati ya mkeka na mkeka. Watu watataka kujitenga familia kwa familia, nanyi waombeni wasogee, wasogee tena. Anayeuza karanga na kashata aruhusiwe, apite kabla ya kuanza na wakati wa mapumziko.

Mkishapata tarehe niandikieni. Natoka Majengo, kwa bodaboda ni dakika chache. Msiniweke nyuma karibu na projekta kwa heshima ya kazi yangu ya zamani. Nipeni benchi la katikati, niwe na mtu kulia na mtu kushoto.