Jibu: Maji kwenye vioo vya madirisha kila asubuhi wakati wa theluji

Pole sana ndugu. Umeuliza kama maji yanayotiririka kwenye vioo kila asubuhi ni theluji inayopenya kutoka nje, na kama uzibe madirisha zaidi. Hapana, usizibe. Maji hayo yanatoka humo humo ndani: pumzi zenu za usiku kucha, sufuria inayochemka, na hasa zile nguo mnazoanika chumbani. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kioo cha baridi, mvuke unageuka matone.

Fungua madirisha yanayotazamana, wazi kabisa, dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni, kisha funga. Najua inatisha nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, lakini kuta na samani hubaki na joto lake, na chumba hupata joto upesi. Kuacha upenyo mdogo kutwa nzima ndiko kunakopoteza joto.

Sogeza pia kabati kutoka ukuta wa nje, hata upana wa kiganja. Niliposogeza langu nilikuta madoa meusi ya kuvu, na koti la mwanangu linanuka uvundo. Iliniuma sana.

Hili hukuliuliza, ila siwezi kulinyamazia: kama mna hita ya gesi, ondoa theluji inayorundikana kwenye bomba lake la kutolea moshi nje. Likiziba, monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayoua, hurudi ndani, nayo haina rangi wala harufu. Weka king'ora cha kugundua gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala, tafadhali, usingoje kesho.