Ukitangulia Jangwani, Geuka Nyuma

Juzi msomaji wa Nakuru kaniandikia. Yeye na wenzake watano wanataka kwenda Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya, kwa pikipiki. "Nipe siri, kaka, na unambie ninunue pikipiki gani." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nami nilikwenda na wenzangu watano. Siku hizi ninao wanne.

Tulilala Marsabit, tukatoka saa 11 alfajiri, baridi ya mlimani ikituuma vidole. Lami hadi Bubisa sina la kusema. Baada ya hapo ni mawe meusi ya volkano yanayokutikisa hadi meno, mpaka Maikona. Hapo tukapunguza upepo wa matairi kutoka PSI 30 hadi 18 hivi, tairi litambae juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kama unatumia tyubu usishushe sana, tairi litazunguka kwenye rimu na kung'oa valvu.

Halafu Chalbi ikafunguka. Ardhi nyeupe ya chumvi, tambarare kama meza, mazigazi yakicheza mbele. Nilisimama juu ya vikanyagio, uzito nyuma, mwendo uleule bila kulegeza. Nijisifu kidogo: hakuna aliyenifikia. Kalacha, kijiji cha kando ya jangwa, niliingia wa kwanza, nikapiga picha chini ya mikoma, karibu na chemchemi.

Wakaja wanne. Wa tano, rafiki yangu tangu sekondari, hakuja. Kila mmoja alidhani yuko nyuma ya mwingine.

Alikuwa amekwepa vumbi letu akaenda pembeni. Chumvi ile juu ni kavu, chini ni tope. Gurudumu likaitoboa chumvi, pikipiki ikazama hadi ekseli. Simu haikushika. Na maji ya akiba ya kundi zima nilikuwa nimebeba mimi, kwa sababu nilisema mimi ndiye kiongozi. Tulipomkuta, saa mbili zilikuwa zimepita. Alikuwa na vijana wawili wa Kigabra, wachunga ngamia, waliompa maziwa. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Picha zimetoka vizuri?"

Ujumbe wangu anausoma mpaka leo. Hajibu.

Basi siri ndiyo hii: kila mtu abebe maji yake, lita 5. Kila mtu amwangalie aliye nyuma yake, asipomwona, asimame. Acheni nafasi ya vumbi lakini fuateni alama za magari, msitawanyike. Na asipomwona, asimame, narudia. Vijana wenzangu, tumezoea kuulizana nani kafika wa kwanza, hata kazini, hata kwenye ndoa. Nani kati yenu ameuliza aliyebaki yuko wapi? Kiongozi anayepigiwa makofi huku mwenzake yuko topeni anaongoza nini?

Kuhusu pikipiki, nunua nyepesi, utakayoinyanyua peke yako ikianguka. Ile yake tuliivuta watu wanane.