Hatukufungiwa, ila maumivu hayakuwa sawa

Kaka unaposema Tanzania hatukuwekewa lockdown wakati wa korona kwa hiyo wafanyabiashara wadogo 2020 walipona wote, hapana, inategemea mtu alikuwa anamuuzia nani. Soko la Sido pale Mwanjelwa liliendelea, muuza mchele na viazi aliuza, ndoo za kunawia na vitakasa mikono ndo kabisa. Sasa nenda kwa yule dada wa stesheneri karibu na chuo, MUST huku Mbeya au Mkwawa kule Iringa, vyuo vimefungwa Machi, wanafunzi wamerudi kwao hadi Juni, mashine ya fotokopi imefunikwa kitenge, karatasi ameshanunua kwa mkopo wa kikundi na marejesho ya kila wiki yapo palepale, kodi ya fremu nayo ipo palepale, hamna aliyemwambia afunge lakini atamtolea nani kopi? Mama ntilie wa jirani yake vilevile, na wenye vyumba vya kupangisha. Waongoza watalii wa Ruaha nao walikaa bure maana ndege za nje zilisimama. Halafu Tunduma, Mei Zambia walipofunga mpaka wa Nakonde wale wa kubadilisha hela na wachuuzi wa kuvuka walikwama kwa amri ya nchi nyingine kabisa. Inaniuma watu wakisema hawa hawakuguswa, kwa sababu hata wa kumdai fidia hawakuwa naye, kwenye karatasi biashara zao zilikuwa wazi.