Spidi na umri: maswali yenu ya mbio fupi

Wiki hii maswali ya umri yamekuwa mengi sana kutoka Kisumu, Kakamega na Nakuru, nimechukua manne.

Niko na miaka 41, naishi Kisumu. Shuleni nilikuwa moto kwa mita 100. Sa hii nakimbia kilomita 8 kila asubuhi lakini spidi imekataa kurudi, mbona?

Kaka, hizo kilomita 8 ni nzuri kwa moyo lakini spidi haziwezi kukurudishia. Msuli uko na nyuzi za polepole zinazovumilia na nyuzi za haraka zinazokurusha mbele, na umri unaanza kula hizo za haraka, zinakonda na zinapungua, alafu mchakamchaka hauziamshi hata kidogo. Angalia mtu wa miaka 50 akikimbia kwa nguvu, miguu bado inachanganya karibu kama zamani, shida ni hatua imekuwa fupi na mguu unakaa chini muda mrefu juu nguvu ya kusukuma ardhi imeisha. Kwa hivyo tafuta nguvu. Skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) na uzito mara mbili kwa wiki, na siku zingine mbili ukimbie mita 30 mpaka 60 mara nne ama tano tu, upumzike dakika tatu nne mpaka pumzi irudi yote. Hapo kwa kupumzika ndio wengi wetu tunaharibu, tumezoea kufundisha kila mtu kama mkimbiaji wa marathoni, eti usipotapika hujafanya kitu, na inaniuma kuona vijana wenye spidi wakimalizwa hivyo. Anza na kamlima kafupi kule Riat, kupanda kunalinda msuli wa nyuma ya paja kuliko tambarare, na mwezi wa kwanza usitoe spidi yote.

Kijana wangu ana miaka 13, anashinda wote shuleni hapa Kakamega. Kocha anataka akimbie spidi kila siku. Ni sawa?

Hapana mama. Miaka 13 anayeshinda mara nyingi ni yule amebalehe mapema, wenzake watamfikia, na akichoshwa sasa ataacha kabisa. Acheze mpira, raga, aruke. Ferdinand Omanyala, Mkenya wetu wa mita 100, alitoka kwa raga, akaingia mbio fupi 2015 akiwa 19, na zile sekunde 9.77 za Kasarani zilikuja 2021 akiwa 25. Na mtoto akilalamika uchungu hapo chini ya goti, asilazimishwe, apumzishwe.

Mimi ni msichana wa Nakuru, 31, nakimbia mita 100. Naambiwa nimeisha.

Nani amesema? Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.60 mwaka 2021 akiwa 34, na ameshazaa, mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia tena. Kim Collins, mwanaume wa St Kitts, alipata 9.93 akiwa 40. Ukweli ni kwamba wengi wanafika kilele miaka ya ishirini na kitu, Bolt alikuwa 22 alipokimbia 9.58 Berlin, na Shelly-Ann na Collins walikuwa na mazoezi ya miaka mingi nyuma yao. Wewe punguza wingi, ongeza usingizi na uzito, usiache spidi.

Nina miaka 63, Nakuru. Naweza kuanza?

Unaweza mzee wangu. Mashindano ya wakongwe (masters) yanaanza miaka 35 na mnapangwa kwa vikundi vya miaka mitano mitano, hautashindanishwa na vijana. Mjapani Hidekichi Miyazaki alimaliza mita 100 kwa sekunde 42.22 akiwa na miaka 105! Lakini kwanza pima presha na moyo, alafu tembea haraka ukipanda mlima kwa wiki kadhaa kabla ujaribu kukimbia, na pasha mwili angalau dakika ishirini, asubuhi ya Nakuru iko na baridi.