Kabla ya Insha, Keti na Mama na Daftari

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatoka, simu yangu hujaa jumbe. Binamu, watoto wa majirani, mtu aliyepewa namba yangu na mtu wa kanisani. Wote wanataka kusoma ng'ambo kwa udhamini, na swali ni lile lile: "Dada, kwenye insha uliandika nini?" Nami huwajibu kwa swali linalowaudhi: baba yako anapata pesa ngapi kwa mwaka?

Mimi ni wa Luanda, kaunti ya Vihiga, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inapokata soko. Nilifanya KCSE mwaka 2016, matokeo yakatangazwa tarehe 29 Desemba, na Agosti 2018 nikapanda ndege kwenda kuanza shahada ya kwanza katika chuo kidogo huko Pennsylvania, Marekani, nikilipiwa karibu kila kitu. Hapo katikati kuna miezi ishirini. Insha ilinichukua wiki tatu. Muda uliobaki nilikuwa nakimbizana na karatasi za mama, za mwalimu, za chifu na za KNEC, baraza la mitihani.

Nianze na pesa, maana hapo ndipo wengi hukwama bila kujua wamekwama.

Vyuo vya Marekani vinavyotoa msaada mkubwa huutoa kulingana na uwezo wa nyumbani, na vinataka uwezo huo uandikwe kwa tarakimu. Fomu yenyewe mara nyingi ni ile ya CSS Profile. Aliyeitunga alikuwa akimfikiria mzazi mwenye mshahara, kodi ya mapato na akaunti ya akiba. Mama yangu anauza ndizi sokoni. Baba ana pikipiki ya boda na kishamba cha mahindi na maharagwe. Nilipomuuliza mama anapata kiasi gani kwa mwaka, alicheka. Nilipomuuliza baba, alinyamaza, nikajua nimegusa pabaya.

Jioni moja nikaleta mezani daftari nililobakisha kidato cha nne. Nikamwambia mama tuuache mwaka, tuanze na juzi. Juzi ulinunua mikungu mingapi? Minne. Kwa bei gani? Mwenye mkokoteni alichukua ngapi? Ushuru wa soko? Zilizoiva kupita kiasi ukawapa watoto wa jirani ni ngapi? Tukatoa hiki na kile, ikabaki faida ya shilingi 380. Siku ya soko kubwa, karibu mara mbili. Msimu wa mvua njia za vijijini zikiwa matope, pengine wiki nzima hakuna kitu. Mama aliitazama ile hesabu akasema, "Kumbe nafanyia kazi ushuru." Baba alikuwa pembeni na redio yake, akijifanya hasikii. Ilipofika saa tatu akaizima, akavuta kiti, akaanza kutaja petroli.

Tulimaliza usiku wa manane. Tuliandika kila kitu, hata ng'ombe wawili, mmoja akiwa bado ana deni la chama. Kesho yake nikaenda kwa chifu, naye akaniandikia barua ya mistari mitatu kwamba familia yetu ni maskini. Nilimshukuru, kisha nikamwomba kwa adabu aandike nyingine: baba hana ajira ya mshahara, wanaomtegemea ni saba, shamba ni robo tatu ya ekari. Mtu aliye mbali hawezi kufanya lolote na neno "maskini". Robo tatu ya ekari anaweza kuipima.

Na usidanganye, kuongeza wala kupunguza. Utaulizwa tena baadaye, na majibu yasipofanana utakuwa umejifungia mlango kwa mkono wako.

Ukishajua uwezo wa nyumbani, ndipo uchague vyuo. Wengi hufanya kinyume: huanza na majina yanayopendeza. Kuna vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo haviangalii pesa zako vinapoamua kukupokea hata kama wewe ni mgeni, na vikikupokea vinaziba pengo lote. Kuingia huko ni kama kupita kwenye tundu la sindano. Vingine vingi vina msaada mzuri, ila huangalia pia utavigharimu kiasi gani. Mimi niliomba tisa, viwili vya ndoto na vilivyobaki vile vidogo ambavyo jirani zangu hawajawahi kuvisikia. Mfumo wa Common App, unaotuma fomu moja kwa vyuo vingi, unakuruhusu hadi 20, lakini sikushauri. Kila kimoja kina maswali yake, na ada yake pia usipoomba msamaha wa ada. Msamaha upo. Uombe.

Jihadhari na udhamini wa nusu. Rafiki yangu wa Mbale alipata barua ya kumpa dola 20,000 kwa mwaka, tukala kuku. Gharama ya chuo ilikuwa dola 60,000. Hizo 40,000 zilizobaki, kwa kiwango cha sasa cha dola moja kwa karibu shilingi 130, ni zaidi ya milioni tano kila mwaka, kwa miaka minne. Harambee gani hiyo?

Uingereza na Ujerumani nitazipitia haraka, maana si njia niliyopita mwenyewe. Uingereza unaomba kupitia UCAS, mfumo wao wa maombi, vyuo visivyozidi vitano, na vingi havikubali KCSE moja kwa moja. Vinataka mwaka wa msingi kwanza, ambao ni wa kulipia. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini wenye KCSE kwa kawaida hupitishwa kwanza kwenye Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi, na ili kupata viza unatakiwa kuonyesha pesa za kujikimu kwenye akaunti maalumu, yuro 11,904 kwa mwaka tangu 2024. "Bure" ya Ujerumani ina mlango wake.

Sasa mwalimu. Chuo kitataka barua za walimu wawili na ripoti ya shule. Shule yetu haikuwa na mtu wa kazi hiyo. Mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyo huyo wa dini na wa netiboli. Nilimwendea mwalimu wangu wa hesabu, akanikaribisha vizuri, akasema lile ambalo nawe utaambiwa: "Andika wewe, niletee nitie sahihi." Nikakataa kwa upole, nikamwambia wanataka sauti yake. Akaandika. Akaniambia ameandika kwamba mimi ni mtiifu, nadhifu, na sijawahi kushiriki mgomo.

Ukweli ni kwamba kwetu hiyo ni sifa kubwa. Lakini anayesoma huko ng'ambo hatafuti mtoto asiyechoma bweni. Anatafuta jinsi unavyofikiri. Basi nikarudi na ukurasa mmoja wa kumkumbusha mambo. Mojawapo ni lile swali la vekta tulilobishania siku mbili nikiwa kidato cha tatu, hadi nikagundua mimi ndiye niliyekosea, nikasimama mbele ya darasa kusema hivyo. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Hicho ndicho kisa alichoniambia atakiingiza kwenye barua ya pili.

Kisha ikabidi iingie kwenye mtandao. Common App hutuma kiungo kwa barua pepe ya mwalimu mwenyewe, na mwalimu alikuwa amesahau nywila yake tangu enzi na enzi. Jumamosi moja tukapanda matatu kwenda Kisumu, tukaketi kwenye saiba moja ya Oginga Odinga Street, nikamfungulia barua pepe mpya. Nikatazama ukuta wakati anaandika, maana barua haipaswi kusomwa na mwanafunzi. Nilimnunulia chai na mandazi. Deni lake sijalilipa mpaka leo.

Ripoti ya shule nayo ina siri yake. Nilikuwa na A ya kutoa (A-). Mwaka ule A kamili zilikuwa 141 nchi nzima. Sisi sote tulijua hilo, lakini afisa wa Pennsylvania angejuaje? Nilimwomba naibu mkuu wa shule aiandike sentensi hiyo kwenye ripoti, pamoja na nafasi yangu darasani na idadi ya waliofika chuo kikuu kutoka shule yetu. Alama bila maelezo ya mahali ilipotoka ni nusu ya habari.

Na majina! Cheti changu cha kuzaliwa kina "w" mahali ambapo karatasi ya matokeo ina "u". Herufi moja, karani mmoja mwenye haraka, miezi miwili ya mahangaiko. Kagua leo, kabla hujasoma aya inayofuata: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na KCSE, herufi kwa herufi na kwa mpangilio ule ule. Marekebisho ya jina kwenye cheti na uthibitisho wa matokeo unaotumwa chuoni huombwa KNEC kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS, kwa malipo. Ukiwa na kitambulisho anza pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ya kurasa 34 sasa ni shilingi 7,550, na alama za vidole unaweza kuchukuliwa Kisumu au Nakuru bila kwenda Nyayo House, Nairobi.

Kuna mtego mwingine usiozungumzwa. Niliitwa Chuo Kikuu cha Maseno, hatua chache kutoka nyumbani, na majirani wakamwuliza baba kwa nini binti yake anakaa tu ilhali serikali imempa nafasi. Shinikizo ni kubwa. Lakini ukishaanza masomo ya shahada hapa, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhama, na msaada kwa wanaohama kwa kawaida ni mdogo zaidi. Niliandika barua ya kuahirisha, nikabaki na nafasi yangu mkononi. Ushauri wangu ni huo huo: ahirisha, usiitupe.

Mawakala sina mengi ya kusema juu yao. Mmoja Kisumu alinidai 35,000 za "kufungua faili" na hakuna faili lililofunguka. Mnakumbuka pia wazazi walioandamana Eldoret mwaka 2023 kwa sababu ya mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada. Kituo cha EducationUSA, katika ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi, kinatoa ushauri bila malipo, na KenSAP, mpango wa kuwasaidia Wakenya kuomba vyuo vya ng'ambo, ulioanzia Iten mwaka 2004, umewasaidia wengi bila kuwatoza.

Mtihani wa SAT, wa kuombea vyuo vya Marekani, siku hizi hufanywa kwa kompyuta, saa mbili na dakika kumi na nne. Vyuo vingi bado havilazimishi, ila MIT ilirudisha sharti hilo 2022, na Harvard, Dartmouth na Brown zikalitangaza upya 2024. Angalia chuo kwa chuo.

Usingoje siku ya mwisho. Yangu ya kwanza ilikuwa 1 Novemba 2017, na uchaguzi wa marudio ulikuwa umepangwa 26 Oktoba. Aliyekuwa Kisumu wiki hiyo hahitaji kuelezwa. Saiba zilishusha mabati, matatu hazikutoka. Nilituma maombi kwa intaneti ya simu ya kaka yangu, nikiwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya choo, mahali pekee pale kwetu palipokuwa na mtandao wa maana. Fomu hufunguliwa 1 Agosti. Tumia Agosti.

Barua ya kukubaliwa ilikuja Machi, kisha fomu ya I-20, ambayo chuo hukupa ya kuombea viza, kisha viza yenyewe. Ada ya SEVIS, ya kusajili wanafunzi wageni, nililipa dola 200, sasa ni 350. Ya viza dola 160, sasa 185. Hizo pia ziwe kwenye daftari, kwa sababu zinalipwa kabla hujajua kama utapewa.

Gigiri nilifika alfajiri na bahasha nene kama tofali. Afisa hakuifungua. Aliniuliza naenda kusoma nini, kwa nini chuo kile, nani analipa, na wazazi wangu wanafanya kazi gani. Hilo la mwisho nililijibu hadi bei ya mkungu, maana nilikuwa nalijua. Dakika tatu hivi, akachukua pasipoti yangu akaniambia viza imekubaliwa.

Simu hairuhusiwi ndani, kwa hivyo nje niliomba ya dereva mmoja wa teksi nikampigia baba. Nikamwambia nimepata. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wamekuuliza kuhusu ng'ombe?"